Siri za wagonjwa si mtaji wa kura

 

Juma hili tunajibu barua moja tu, kwa kuwa imetushinda kuijibu kwa mistari mitatu kama tulivyozoea. Imetoka kwa ndugu yetu wa Morogoro ambaye jina lake tunalihifadhi. Mkewe ni muuguzi mkunga katika zahanati iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, huko ambako ndizi, mdalasini na karafuu hushushwa kwa kichwa mpaka mahali gari linapoweza kufika. Ametumikia hapo kwa miaka mingi. Sasa wazee wa kijiji wamemwendea mara mbili, na mara ya pili wakaja na wajomba wa ukoo, jambo ambalo kwa Waluguru si dogo, wakimtaka achukue fomu ya kugombea ubunge.

Ndugu yetu anauliza mambo mawili. Je, dini inamruhusu mtu kujitokeza mwenyewe kutaka uongozi? Na je, yeye mume anafanya dhuluma akimzuia? Kisha mwishoni ameongeza sentensi moja, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Anasema mama watoto wake hana wasiwasi na kura, kwa kuwa watoto wengi wa kata ile wamepita mikononi mwake, anazijua nyumba zote na yaliyomo ndani yake, na hakuna mama atakayethubutu kumnyima.

Ni sentensi hiyo iliyotukalisha na barua hii siku nyingi. Tutaifikia.

Kuhusu kutaka uongozi, watu wetu hupenda kushika Hadithi za Mtume (s.a.w.) zinazokataza kuuomba. Ni kweli zipo, na zinatisha. Abu Dharr (r.a.), mtu ambaye ukweli wake haukutiliwa shaka na yeyote, alipoomba apewe kazi ya uongozi aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba jambo lenyewe ni amana ambayo Siku ya Kiyama inaweza kugeuka kuwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake na akaitekeleza. Lakini tukisoma Sura Yusuf tunamkuta Nabii Yusuf (a.s.) akimwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, na akataja sifa zake mbili: kuhifadhi na kujua. Wanazuoni wengi wamezikutanisha dalili hizi kwa kusema kuwa anayelaumiwa ni mwenye tamaa ya cheo au asiyekiweza. Anayejijua kuwa ana elimu ya jambo na uaminifu nalo, na akaona haki za watu zitapotea akikaa kimya, huyo yuko katika njia ya Yusuf (a.s.). Kwa hiyo ndugu yetu asiulize tu kama inaruhusiwa. Amuulize mkewe: unakijua nini, na umekihifadhi nini?

Tunajua pia wapo wasomaji watakaouliza kuhusu mwanamke na uongozi. Hitilafu za wanazuoni katika mlango huu ni ndefu, wala hatutazimaliza leo. Tukumbushe tu kuwa mbunge si mtawala wa dola. Ni mmoja kati ya mamia, kazi yake ni kushauri, kuhoji na kupitisha sheria. Na siku ya Hudaybiya, masahaba walipozubaa wasitekeleze amri ya kuchinja na kunyoa, shauri lililofungua njia lilitoka kwa Ummu Salama (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akalifuata. Na kabla ya hapo, katika vita vya Handaki, hema la kutibia majeruhi lililosimamishwa msikitini Madina lilikuwa la mwanamke, Rufaida wa kabila la Aslam. Hatusemi kuwa hema lile lilikuwa bunge. Tunasema tu kuwa jamii ya kwanza ya Kiislamu haikumwona mwanamke tabibu kuwa mtu wa kufichwa nyuma ya pazia la mambo ya umma.

Tuje nyumbani, maana Morogoro imeshaliona jambo hili kwa macho yake.

Dk. Lucy Nkya alikuwa daktari wa magonjwa ya akili mjini Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati UKIMWI ukitajwa kwa kunong'ona na mgonjwa wake akitengewa hata sahani ya kulia, yeye aliasisi Faraja Trust Fund, taasisi iliyowafuata watu ambao wengi wetu tungewapita kando tukiwa tumeinamisha macho: wanawake waliokuwa wakijiuza mjini, wagonjwa na mayatima. Baadaye akaingia Bungeni kwa viti maalumu, mwaka 2008 akawa Naibu Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto, na mwaka 2010 akachaguliwa kuwa mbunge wa Morogoro Kusini Mashariki. Hilo ndilo jimbo la Kiroka, Mkuyuni, Kinole na Ngerengere, yaani sehemu ya milima hiyohiyo anayoihudumia dada yetu wa barua. Rais Kikwete akamteua Naibu Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii, chini ya Dk. Haji Mponda, ambaye naye alikuwa mbunge wa mkoa huohuo, kutoka Ulanga Magharibi. Kwa muda, ndugu wasomaji, afya ya Watanzania wa Bara ilikuwa mikononi mwa wabunge wawili wa Morogoro.

Kisha ukaja mwaka 2012. Mwezi Januari madaktari waligoma, chanzo kikiwa mgogoro wa madaktari waliokuwa mafunzoni Muhimbili na posho zao, na mgomo ukaenea. Februari, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akawasimamisha kazi Katibu Mkuu wa wizara na Mganga Mkuu wa Serikali. Haikutosha. Machi madaktari wakarudi na sharti kuwa waziri na naibu wake waondoke. Mwezi Mei, Rais alipolipanga upya Baraza la Mawaziri, wote wawili hawakuwamo. Wizara ikakabidhiwa kwa Dk. Hussein Mwinyi, daktari pia, ambaye leo ni Rais wa Zanzibar.

Hatuyaandiki haya ili kumhukumu mtu. Tunayaandika kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wazee wa kijiji, kwa nia yao njema, huenda hawakumwambia dada yetu. Aliyeshika mikono ya wagonjwa miaka mingi alijikuta upande wa pili wa meza, akitazamana na wenzake wa taaluma moja, wao wakidai na yeye akiwa serikali. Joho jeupe halikumkinga. Na mwaka 2015 jimbo likapata mbunge mwingine, na mwaka 2020 mwingine tena, safari hii meneja maarufu wa wasanii wa muziki. Kwa hiyo anayedhani kuwa wema wa hospitalini ni akiba isiyokwisha kwenye sanduku la kura, milima hiyohiyo inamjibu.

Sasa tuifikie ile sentensi.

Mkunga wa kijijini anajua mambo ambayo hata imamu wa msikiti hayajui. Anajua mimba iliyotangulia nikaha, na ile iliyotoka kabla ya mume kurudi safari. Anajua nani anachukua dawa za kufubaza virusi na nani amemficha mwenzake. Anajua mtoto gani alizaliwa amechoka, mama yupi alipigwa, baba yupi hakuja kumchukua mzazi. Ameyajua si kwa ujanja wake bali kwa sababu watu walifika kwake wakiwa katika hali ambayo hakuna binadamu anayeweza kuvaa sitara. Yale yote aliazimwa. Sheria ya nchi inalijua hilo: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mgonjwa, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka juu ya leseni ya anayekiuka maadili ya kazi. Dini yetu ililijua kabla. Atakayemsitiri Mwislamu mwenzake ameahidiwa sitara ya Allah duniani na Akhera.

Mtu anaweza kutujibu kuwa dada yetu hakusema atazitoa siri hizo. Tunaamini. Lakini siri haihitaji kutamkwa ili itumike. Mgombea akisimama mbele ya mama ambaye anajua siri yake, akamwangalia na kumwambia, "Dada, wewe unanijua na mimi nakujua," basi limekwisha kusemwa. Mama yule hatachagua. Atanyamaza na kutii. Na katika kampeni mambo hayaishii kwa mgombea. Ana wapambe. Wapambe wanataka silaha dhidi ya mpinzani, na mpinzani huenda mkewe au binti yake amejifungulia palepale. Siku moja usiku, watu wakiwa wamechoka na hasira zimepanda, mtu atauliza: hivi wewe huna lolote juu ya yule? Hapo ndipo dada yetu atakapopimwa, wala si jukwaani.

Shukrani nayo ni hivyohivyo. Aliyezalishwa salama alihudumiwa na mtumishi anayelipwa kwa fedha za umma, na kama mkunga aliongeza juu yake usingizi wake, kanga yake na sukari ya uji kutoka nyumbani kwake, ile ilikuwa sadaka. Sura Al-Baqara inatuonya tusiziharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Mwenye kuidai sadaka yake miaka kumi baadaye, tena kwa kura, anaitoa katika daftari la malaika na kuiandika katika daftari la kampeni. Tumeona katika miaka ya uchaguzi jinsi kambi za kupima macho na shinikizo la damu zinavyochanua kama uyoga, kila moja na picha ya mtu. Nchi yetu iliwahi kuwa na sheria iliyohalalisha "takrima", ile karimu ya mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa ni kinyume cha Katiba mwaka 2006. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hizo zinaitazama pilau na fulana. Hazina macho ya kuona mkunga anayemkumbusha mzazi usiku ule wa mvua. Hilo linabaki baina yake na Mola wake, na, tukubali, baina yake na mumewe, ambaye ni mtu wa kwanza anayeweza kumwambia.

Je, basi ana mtaji gani? Anao, tena mkubwa, na ungetufurahisha zaidi kama barua ingeutaja huo.

Anaijua njia. Wengi wanaozungumza Dodoma juu ya rufaa za wajawazito hawajawahi kutembea usiku nyuma ya machela ya miti miwili na blanketi, vijana wanne wakipokezana kwenye utelezi, mpaka barabara. Taifa limepiga hatua, na si haki kulinyima sifa yake: utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Mfumo wa m-mama umeenea nchini, na kwa kupiga namba 115 bila malipo mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa gari, la wagonjwa au la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni jambo jema sana. Lakini dereva huishia pale tairi linapoishia, na Uluguru zipo nyumba nyingi juu ya pale. Ni nani atakayelisema hilo Bungeni kwa namna ambayo waziri hataweza kulijibu kwa takwimu za mkoa mzima? Sayyidna Umar (r.a.) anasimuliwa kuwa alihofia kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa kuwa yeye hakumtengenezea njia. Hapa tunazungumzia mwanamke mwenye uchungu.

Anajua pia mambo ya ndani ya zahanati. Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ikakusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yamesimama. Aliyefanya kazi ndani yake anajua tofauti ya jengo na huduma: taa, maji, dawa ya kuzuia damu isitoke inayotakiwa kukaa kwenye ubaridi mahali ambapo jokofu limekufa, na mtumishi mmoja ambaye akienda semina mlango unafungwa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi ya bima itamfaa nini mkulima wa ndizi kama kituo kilicho karibu naye hakina anachoandikiwa? Na lipo lile Azimio la Abuja la Aprili 2001, ambapo wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, hazijaifikia ahadi hiyo, na kila mwaka kati ya Aprili na Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti, panahitajika mtu wa kuuliza kwa nini.

Lakini hapa tuna neno la pembeni, na dada yetu atusamehe. Zahanati na vituo vya afya havisimamiwi na Wizara ya Afya moja kwa moja. Viko chini ya halmashauri, kwa mlango wa TAMISEMI. Mambo mengi yanayomkera yanaamuliwa katika Baraza la Madiwani, ambalo mbunge ni mjumbe wake lakini mwenye kuketi humo kila kikao kwa niaba ya kata ni diwani. Je, wazee walimfikiria kwa udiwani? Tunashuku hawakumfikiria, kwa sababu udiwani hauna gari wala ving'ora. Kama anachotaka ni jokofu na mkunga wa pili, huenda fomu iliyo sahihi ni ile ndogo. Kama anachotaka ni sheria na bajeti ya taifa, basi ni ubunge, na ajue kuwa Katiba haina mgombea binafsi. Atapita kwanza katika chama, na ndani ya chama ndimo mtihani wa fedha huanzia. Gazeti hili halina chama, na hatumwelekezi katika chochote.

Tumrudie sasa mume na swali lake la pili. Ndugu yetu, kumshauri mkeo si kumzuia. Una haki ya kusema kuwa watoto ni wadogo, kwamba vikao vya Bunge ni vya majuma mengi, na hata kama treni ya kisasa tangu mwaka 2024 imeisogeza Dodoma karibu na mji wetu kasoro bahari, treni haipiki wala haikagui daftari za shule. Una haki ya kusema unaogopa matusi, maana mwanamke akipanda jukwaani humtukana hata kwa alichovaa. Yaseme yote, mkae kwa istikhara na mashauriano, na msikilize wajomba bila kuwaachia uamuzi. Usichokuwa na haki nacho ni kumzuia kwa wivu wa kuitwa "mume wa mheshimiwa" kisha ukaliita jambo hilo dini. Tunakuuliza kwa upole: je, lipo kidogo? Hukuandika, lakini barua yako ilikuwa na karatasi nne, na mbili na nusu zilikuwa juu ya watu watasema nini.

Na kabla hajachukua fomu yoyote, mfanye jambo moja pamoja. Zahanati ile ina mkunga mmoja, naye ni huyo mnayemzungumzia. Siku atakapoondoka, kwa likizo ya kampeni au kwa ushindi, wapo wanawake ambao tayari wana mimba na wanategemea kumkuta. Mwandikieni mapema Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba anayeshika nafasi, naye aje wakati dada yetu bado yupo, amtembeze nyumba kwa nyumba, amwonyeshe njia za mkato na mahali mto unapojaa. Mkipata jibu, tuandikieni tena, hata kama ni kwa mistari mitatu.